Mshumaa na Daftari

Katika madrasa niliyosomea utotoni, mwalimu wetu alikuwa na kisa ambacho hakikukosa kusimuliwa kila Ramadhani ilipokaribia. Khalifa Umar bin Abdulaziz ameketi usiku, mshumaa unawaka mbele yake. Anaingia mjumbe kutoka jimbo la mbali. Khalifa anamuuliza habari za huko: bei za vyakula zikoje, gavana anawatendeaje watu, wasafiri na maskini wanapata haki yao? Mjumbe anajibu yote. Akimaliza, naye anamjulia hali mwenyeji wake: afya, watoto, watu wa nyumbani. Hapo khalifa anaupuliza mshumaa ukazimika, anaagiza aletewe taa yake mwenyewe, ndogo, yenye mwanga hafifu. Mjumbe anapigwa na butwaa. Anaelezwa kwamba ule mshumaa ni mali ya umma na ulikuwa ukiwaka kwa shughuli za umma. Mazungumzo yalipogeukia mambo ya nyumbani, khalifa hakuwa tena na haki ya kuutumia.

Mwalimu akifika hapo alikuwa akipuliza kibatari. Tunabaki gizani, watoto thelathini kwenye mikeka, tunasikia harufu ya mafuta ya taa na ya utambi unaofuka moshi. Kisha anawasha kiberiti tena na somo linaendelea.

Miaka mingi baadaye, nikisoma historia ya Hazina ya Uingereza, nilikutana na mshumaa wa pili. William Gladstone alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi hiyo kwa vipindi vinne kati ya 1852 na 1882, na akawa Waziri Mkuu mara nne pia. Mwaka 1879, akihutubia watu wa Edinburgh, alishikilia kwamba waziri wa fedha asiyekuwa tayari kuokota hata vipande vya mishumaa vilivyobaki, kwa ajili ya nchi yake, hastahili cheo chake. Nilishtuka nilipokuta mshumaa tena. Watu wawili waliotengana kwa miaka zaidi ya elfu moja na mia moja, mmoja Damascus na mwingine London, kila mmoja na dini yake, wamechukua kitu kilekile kidogo cha nyumbani kupimia uaminifu wa mtu aliyekabidhiwa fedha za wengine.

Lakini mishumaa hiyo haiulizi swali moja. Wa Damascus unauliza: huu ni wa nani? Wa London unauliza: umebaki kiasi gani? Tangu nianze kufuatilia bajeti za kwetu, nimekuwa nikitafuta nani alipata kuuliza swali la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote mawili: umemmulikia nani?

Nianze na la kwanza, kwa sababu ndilo tulilolelewa nalo. Umar bin Abdulaziz alitawala kuanzia 717 hadi 720, muda usiotimia miaka mitatu. Katika muda huo alirudisha mali ambazo jamaa zake wa ukoo wa Umayya walikuwa wamejitwalia, na masimulizi yanasema alianzia kwa mkewe Fatima, akamtaka achague kati ya vito vyake na ndoa; Fatima akavipeleka vito Hazina. Alizuia magavana kuwatoza kodi ya kichwa watu waliokwisha kusilimu, jambo lililopunguza mapato yake mwenyewe. Hakuna waziri wa leo anayeweza kusoma habari hizo bila kujiuliza maswali.

Alipofariki, akashika mahali pake Yazid bin Abdulmalik, na sehemu kubwa ya mageuzi yale ikafutika. Hapo ndipo kisa cha mshumaa kinaponiuma, na mwalimu wetu hakutusimulia sehemu hiyo. Mshumaa uliozimwa na dhamiri ya mtu mmoja huwashwa upya na mkono wa mwingine. Watanzania tuna kumbukumbu ya karibu. Novemba 2015 Rais John Magufuli aliagiza fedha zilizochangwa kwa hafla ya wabunge zikanunue vitanda vya Hospitali ya Muhimbili. Mwezi huohuo akafuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, fedha zake zikaenda kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam. Watu walifurahi, nami nilikuwa miongoni mwao, kwa sababu tuliutambua mshumaa wa madrasa. Vitanda vile vililaza wagonjwa kweli. Ila kila uamuzi wa aina hiyo ulitegemea jicho la mtu mmoja, na jicho la mtu mmoja haliwezi kuwa Muhimbili, bandarini na kwenye zahanati ya kijiji kwa wakati mmoja.

Gladstone aliijua shida hiyo vizuri kuliko wengi, na ukubwa wake uko hapo zaidi ya kwenye vipande vya mishumaa. Mwaka 1861 Bunge la Uingereza liliunda Kamati ya Hesabu za Serikali. Mwaka 1866, yeye akiwa bado Waziri wa Fedha, ikapitishwa sheria iliyozilazimu wizara kutengeneza hesabu za kila fungu, hesabu hizo zikaguliwe na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, kisha ripoti irudi kwa wabunge walioidhinisha fedha. Mduara ukafungwa: Bunge linaidhinisha, Hazina inatoa, wizara inatumia, mkaguzi anakagua, kamati inahoji, na yote yanarudi Bungeni. Ikawa desturi pia kwamba mwenyekiti wa kamati atoke upinzani, ili anayeuliza asiwe na deni kwa anayeulizwa. Hapo mshumaa hauhitaji tena kuwekwa mbele ya mcha Mungu. Hata waziri mlafi anajua kuna siku mtu asiyempenda atamuuliza ulikwenda wapi.

Urithi huo tumeubeba mzima. Ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania ndiyo inayomsimamisha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yule tunayemwita CAG. Ripoti zake hufika kwa Rais mwishoni mwa Machi na kusomwa Bungeni Aprili. Kwa desturi mbunge wa upinzani huongoza Kamati ya Hesabu za Serikali, kama kule. Hata vazi la urithi tumelivaa. Gladstone alikuwa na kisanduku chekundu cha kubebea hotuba yake ya bajeti, na mawaziri wengi waliomfuata wakakitumia hadi kilipostaafishwa mwaka 2010. Nairobi na Dodoma, kila Juni, waziri hupigwa picha akiinua mkoba. Neno lenyewe lilitoka hukohuko: bajeti ni neno la Kiingereza lililozaliwa na neno la Kifaransa cha kale la kimfuko cha ngozi. Tunaposema bajeti tunasema mfuko, na mfuko ni kitu kinachofungwa.

Napenda kusikiliza maneno ya fedha za umma katika Kiswahili, maana yanaonyesha tulikopita. Hazina ni Kiarabu. Ushuru pia, na mzizi wake ni fungu la kumi. Mkaguzi anatokana na kukagua, neno letu la Kibantu, la mtu anayezunguka shamba lake kuona nini kimeota na nini kimeliwa na nguruwe. Waziri, wengi wa wanalugha huliunganisha na neno la Kiarabu la mzigo: mtu aliyebebeshwa. Na diwani, ambaye kwetu ni mwakilishi wa kata, ametokana na daftari. Hilo la mwisho nitalirudia, maana ndilo lililonifanya niandike haya.

Kwanza nimalize habari za mduara wa 1866, kwa sababu una kasoro mbili ambazo kila anayesoma ripoti za CAG anazihisi. Ya kwanza ni muda. Ripoti inayosomwa Aprili inahusu mwaka wa fedha uliofungwa Juni ya mwaka uliotangulia. Fedha zimekwisha kuliwa au kutumika, Afisa Masuuli amehamishwa, mtoto aliyekosa dawa amepona au amezikwa. Ya pili ni kwamba hati safi inahusu vitabu. Inasema hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa. Haisemi kama kulikuwa na glavu kwenye chumba cha kujifungulia. Halmashauri inaweza kushangilia hati safi huku mama mjamzito akiambiwa aje na glavu zake.

Kasoro ya tatu ni nzito zaidi, na kwa ajili yake inabidi niende Ireland.

Mwaka 1853 Gladstone aliagiza uchunguzi wa utumishi wa serikali, nao ukakabidhiwa watu wawili, Stafford Northcote na Charles Trevelyan. Ripoti yao ya 1854 ni mama wa utumishi wa umma tunaoujua: watu waajiriwe kwa mtihani, wapandishwe kwa kazi yao, si kwa kujuana. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na undugunaizesheni hadharani, ofisi zikijaa watoto wa wakubwa. Kila kijana wa Kitanzania anayefanya usaili leo ni mjukuu wa ripoti hiyo, pamoja na wale zaidi ya 10,000 waliojazana Uwanja wa Taifa Juni 2014 kugombea nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Naiheshimu ripoti ile. Mtihani wa haki ni jambo jema kwa mtoto asiye na mjomba ofisini.

Ila huyo Trevelyan alikuwa mtendaji mkuu wa Hazina miaka ya njaa kuu ya Ireland. Viazi vilianza kuoza mashambani 1845. Kufikia Julai 1847 majiko ya supu yaliyogharimiwa na serikali yalikuwa yakilisha watu wapatao milioni tatu kwa siku, kazi ambayo hakuna aliyedhani serikali inaiweza. Miezi michache baadaye majiko yakafungwa, na mzigo ukahamishiwa kwenye kodi za Ireland yenyewe, kwa watu waliokuwa hawana kitu. Hazina ililinda fedha zake kwa nidhamu isiyotetereka. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi yake, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama nchi.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Vitabu vya Trevelyan vilikuwa safi. Hakuiba. Kipande cha mshumaa kilihifadhiwa, na nyumba iliyokuwa ikimulikwa ikabaki gizani na wenyewe ndani. Waziri anayepongezwa kwa kubana matumizi anapaswa kuulizwa alibana wapi, na nani alikuwa amekaa hapo.

Historia yetu ina tukio linalofanana na hilo kwa mbali, na lilikuwa gumu kwa pande zote. Baada ya Vita vya Kagera, wananchi wakiwa wameambiwa wafunge mikanda, Edwin Mtei alikuwa Waziri wa Fedha na Mwalimu Nyerere alikuwa Rais. Hazina ilikuwa tupu. Mtei, aliyewahi pia kuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliona hakuna njia ila kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, pamoja na kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu alikataa katakata. Desemba 1979 Mtei akajiuzulu. Nilipokuwa kijana nilidhani lazima mmoja wao alikuwa mkosaji. Sasa naona kila mmoja alishika swali lake: Mtei aliuliza kimebaki nini, Mwalimu aliuliza nani atalipa. Yote mawili yalikuwa maswali ya kweli, na nchi ilipata hasara kubwa kwa kutoyaweka kwenye meza moja hadi 1986, chini ya Rais Mwinyi, mapatano na Shirika yalipofikiwa na shilingi ikashushwa.

Basi nani aliuliza swali la tatu? Nimelikuta kwa uwazi zaidi karibu na nyumbani, Uganda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Hazina ya Uganda ilikuwa na nidhamu iliyosifiwa Afrika nzima. Katibu wake Mkuu, Emmanuel Tumusiime-Mutebile, alikuwa mkali wa kusema hapana. Mfumuko wa bei ulishuka, uchumi ukakua. Kwenye vitabu, fedha za elimu ya msingi zilikuwa zinatoka kila mwaka, kiasi fulani kwa kila mwanafunzi, ziende shuleni kwa chaki, madaftari na matengenezo. Shuleni hakukuwa na dalili. Mwaka 1996 ikafanyika kazi rahisi ambayo hakuna aliyekuwa ameifanya: watafiti walichukua vitabu vya Hazina mkono mmoja, wakazifikia shule 250 na kufungua vitabu vyao mkono wa pili, wakalinganisha. Walikuta kwamba kati ya 1991 na 1995 wastani wa fedha za ruzuku zilizofika shuleni ulikuwa asilimia 13. Shule nyingi hazikupata hata senti. Wazazi ndio waliokuwa wakiziendesha kwa michango yao, na walimu wakuu wengi hawakujua kwamba fedha hizo zipo.

Jambo la mwisho hilo ndilo kiini. Fedha zilikuwa zikipotelea wilayani, nyingine mifukoni, nyingine kwenye matumizi mengine ya ofisi, kwa sababu mwenye haki nazo hakujua kuwa ana haki. Huwezi kudai mshumaa ambao hukuambiwa kwamba umetumwa kwako.

Serikali ya Uganda haikuanza kwa kuunda tume. Ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, mwezi kwa mwezi, na ikaagiza kila shule ibandike ukutani ilichopokea. Mzazi akisoma gazeti sokoni, au akisomewa, anapita shuleni na kutazama karatasi. Namba zikipishana, anauliza. Kufikia 2001, utafiti wa kurudia ulikuta zaidi ya asilimia 80 zinafika. Wapo wachumi waliosema, na naona wana hoja, kwamba magazeti hayastahili sifa yote: mwaka 1997 elimu ya msingi ilifanywa bure, wanafunzi wakaruka kutoka karibu milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5, na Hazina nayo ilibadili namna ya kutuma fedha. Nakubali. Hata hivyo, mabadiliko hayo yote yalianza baada ya mtu kwenda mwisho wa safari ya fedha na kurudi nyuma akihesabu, badala ya kuanzia Hazina na kuamini kwamba iliyotoka imefika. Na jambo moja nitalisema bila kuzunguka: fedha kufika si elimu kufika. Uganda, kama Kenya na Tanzania, bado ina watoto wanaomaliza miaka kadhaa darasani bila kusoma aya moja wakaielewa. Karatasi ya ukutani inazuia wizi, lakini haifundishi.

Sasa nirudi kwa diwani.

Umar wa kwanza, Umar bin Khattab, babu wa mama yake yule wa mshumaa, alitawala kuanzia 634 hadi 644. Mali iliyoingia Madina wakati wake ilikuwa nyingi kuliko ambavyo mtu yeyote pale aliwahi kuona, na mtangulizi wake Abubakar alikuwa akigawa kila kilichokuja kwa usawa, siku kilipokuja. Umar akaanzisha diwani, yaani daftari. Aliwaita watu watatu waliobobea katika nasaba, Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im, wawaandike watu kwa majina, ukoo kwa ukoo, na mbele ya kila jina fungu lake. Walibishana kuhusu viwango. Yeye aliwapa zaidi waliotangulia katika Uislamu, na zipo riwaya kwamba mwishoni mwa maisha yake alitaka kurudi kwenye usawa wa Abubakar. Ninachokitazama hapa ni umbo la daftari lenyewe. Daftari la Gladstone limeandikwa kwa mafungu na kasma: jeshi kiasi hiki, posta kiasi hiki. Daftari la Umar limeandikwa kwa majina ya wanaopokea.

Na kuna kisa chake kingine, ambacho mwalimu wetu alikisimulia mara chache kuliko kile cha mshumaa, nami nadhani ndicho kikubwa. Usiku mmoja Umar anazunguka mji, anasikia mtoto mchanga analia. Anamwambia mama amtulize, anapita. Anarudi, mtoto bado analia. Mara ya tatu anamuuliza mama kulikoni. Mama, asijue anazungumza na nani, anamwambia anamwachisha mtoto ziwa kwa nguvu, kwa sababu Umar hatoi fungu kwa mtoto mpaka aache kunyonya. Asubuhi Umar aliswalisha watu kwa sauti iliyokatika kwa kilio, kisha akaagiza kila mtoto aandikwe kwenye daftari siku anapozaliwa.

Sijui somo bora zaidi la mageuzi ya utumishi wa umma. Kanuni ilikuwa nzuri mezani. Aliyeitunga alikuwa mwadilifu kupita kiasi. Hakuna senti iliyoibwa. Bado ilikuwa inamuumiza mtoto, na hakuna ukaguzi wa vitabu ambao ungeligundua hilo, maana vitabu vilikuwa vimekaa sawa. Liligunduliwa na sikio lililokuwa mlangoni.

Sisi daftari tumelitumia zaidi kwa kufuta. Mwaka 2016 serikali iliwasaka watumishi hewa ikakuta majina kwa maelfu yakilipwa mishahara bila watu. Hilo lilikuwa jema na lilichelewa. Aprili 2017, Dodoma, Waziri wa Utumishi wa wakati huo, Angellah Kairuki, alimkabidhi Rais orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Majina yakatoka hadharani, kazi zikaisha. Sitetei cheti cha uongo. Lakini ndani ya namba ile walikuwamo wahudumu walioendesha zahanati za vijijini kwa miaka, na siku walipoondoka, mlango wa zahanati uliobaki na mtu mmoja au bila mtu haukuhesabiwa katika orodha yoyote. Ilipofika 2022 ndipo serikali ilipoamua warudishiwe michango yao ya hifadhi ya jamii. Waziri aliyeandika majina ya wanaotoka angeandika kando yake vijiji vinavyobaki bila mhudumu, na kazi ya kuajiri ingeanza wiki ileile.

Wakenya nao wameuendea mkoba kwa njia yao. Katiba yao ya 2010, Ibara ya 201, inataka fedha za umma zishughulikiwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Kwa miaka mingi ushirikishwaji huo ulikuwa matangazo ya mikutano ambayo wachache walihudhuria. Mwaka 2024 vijana waliuchukua Muswada wa Fedha, uliokusudia kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi, wakaufasiri, wakaueleza kifungu kwa kifungu kwenye simu zao: mkate, mafuta ya kupikia, sodo. Tarehe 25 Juni waliingia Bungeni, risasi zikalia, makumi wakauawa katika wiki zile. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza hatausaini. Vijana wale walikuwa wameyasoma maandishi ya Hazina kwa makini kiasi ambacho wengi wetu hatujawahi kuyasoma. Haikupaswa kugharimu damu kuujua mkoba una nini.

Nilikaa mwaka jana kwenye kikao cha wazazi katika shule moja ya msingi ya kijijini, mkoani Tanga. Tanzania hutuma ruzuku moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, utaratibu ulioimarishwa elimu ilipofanywa bila malipo mwaka 2016, na hilo naliona kuwa tunda la somo la Uganda, litambuliwe lisitambuliwe. Kiwango kilichotajwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, kilekile kilichowekwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati shilingi 10,000 ilikuwa na nguvu nyingine kabisa. Sehemu yake, 4,000, hubaki juu kwa ajili ya vitabu. 6,000 ndizo za shule.

Karatasi ilikuwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi, imebandikwa kwa gundi ya unga, pembe moja imeliwa na mchwa. Mapokezi ya mwezi: 241,000. Chini yake matumizi, kwa mwandiko wa mwalimu mkuu: chaki, karatasi za mitihani, bawaba za mlango, nauli ya kwenda halmashauri. Wanaume wachache waliipita. Mama mmoja, muuza maandazi wa pale njia panda, mtoto mgongoni, alisimama akaisoma yote kwa kidole.

Kikao kilipofika kwenye mengineyo akanyoosha mkono.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba, mama. Karibu.”

“Samahani, mimi si msomi. Umesema tuna watoto mia sita na kumi na mbili. Elfu sita kwa mtoto, nimegawa kwa miezi kumi na miwili. Napata laki tatu na elfu sita. Pale ubaoni ni laki mbili na arobaini na moja. Hiyo sitini na tano iko wapi?”

Watu wakanyamaza. Mwalimu mkuu, mtu mzima aliyebakiza miaka miwili kustaafu, hakukasirika. Aliingia ofisini akatoka na faili, akaketi nalo mapajani. Akasema fedha yote iliyokuja ndiyo ile ya ubaoni, na karatasi ya benki ikapitishwa mkono kwa mkono. Tofauti ilikuwa kwenye takwimu. Juu wanatuma kwa idadi waliyonayo, na idadi waliyonayo ni 482. Hao ni wa orodha ya zamani, kabla watoto wa kitongoji cha ng'ambo ya mto hawajahamishiwa pale.

“Kwa hiyo watoto mia na thelathini hawamo,” mama akasema.

“Hawamo.”

Hapakuwa na mwizi wa kumtafuta. Walikuwapo watoto 130 wanaoketi darasani kila asubuhi, wanaokula chaki na karatasi za wenzao, ambao kwa Hazina hawajazaliwa. Mkaguzi angekuja angetoa hati safi.

Waliamua papo hapo barua iandikwe kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani. Mwenyekiti wa kamati alitaka iandikwe idadi tu. Mama akakataa. Akasema idadi walishaipeleka, safari hii wapelekewe majina. Daftari la mahudhurio likaletwa, mwalimu wa darasa la pili akapewa kalamu kwa sababu ana mwandiko mzuri, na wazazi wa ng'ambo ya mto wakajipanga mbele ya meza. Jua lilikuwa linazama na shule haina umeme. Mtu akawasha tochi ya simu na kuishikilia juu ya karatasi, na mmoja mmoja wakaanza kutaja watoto wao, jina la mtoto, la baba, la babu.

Nilipoondoka walikuwa wamefika la arobaini na saba.